Ndoo ya Pombe, Kotama ya Mgema na Kimya cha Darasa

Ni jambo la kustaajabisha kwamba mwanafunzi wa Kenya anaweza kuhitimu kidato cha nne akiwa amesomeshwa kwamba hamira, ikikosa oksijeni, huigeuza sukari kuwa alkoholi na gesi ya kabonidayoksaidi, kisha asiwe na neno hata moja la lugha ya taifa la kulielezea tendo hilo. Atakwambia "famentesheni" na kunyamaza. Nyanyake, ambaye huenda hakuingia darasani hata siku moja, atasema kwamba uji umechachuka, na atakueleza kwa nini.

Nililazimika kulitafakari suala hili katika mojawapo ya safari zangu za utafiti wa lahaja kwenye delta ya mto Tana. Katika kijiji cha Kilelengwani, eneo la Garsen, ambacho Wakenya wengi wanakijua kwa mauaji ya Septemba 2012 tu na si kwa jingine, mwalimu mmoja kijana aliniuliza kuhusu zile seti za vifaa vya kujitengenezea bia nyumbani ambazo huuzwa ng'ambo. Alitaka kujua mambo matatu: je, ni salama? Je, sheria inasemaje? Na vifaa vile vinaitwaje kwa Kiswahili? Mimi ni mwanaisimu, kwa hiyo msomaji ataniwia radhi nikianza na swali la mwisho.

Seti yenyewe ni kitu sahili mno. Ndani yake mna ndoo ya plastiki yenye kifuniko, kopo la kimea kilichochemshwa hadi kikawa kizito kama asali, pakiti ya hamira, mrija wa kuhamishia pombe, na kizibo kinachoruhusu gesi kutoka bila kuruhusu hewa kuingia. Kopo la kilo moja na nusu au zaidi kidogo, likiongezwa sukari na maji, hutoa takriban lita 20. Mchanganyiko huo huachwa kwa muda wa juma moja au siku kumi, kisha hutiwa katika chupa pamoja na sukari kidogo na kusubiri majuma mawili ili upate povu. Mwenye pupa akitia chupani kabla ya hamira kumaliza kazi yake, chupa hupasuka kwa kishindo. Siri kubwa ni usafi: chombo kisichooshwa vyema huzaa siki.

Sasa tazama. Neno kimea linatokana na kitenzi mea. Ni nafaka iliyolowekwa ikamea, kisha ikakaushwa, na katika kumea kwake vimeng'enya huamka na kuugeuza wanga kuwa sukari. Nani aliyelibuni neno hilo? Si kamati ya istilahi. Ni wapishi wa pombe ya wimbi na mtama. Yale maji matamu ya kimea ambayo hayajachacha, ndugu zetu wa Tanzania huyaita togwa. Tope linalotuama chini ya chombo ni mashapo. Kuitenga alkoholi kwa kuivukiza na kuipoza ni kukeneka. Kizibo cha gesi ndicho pekee kisicho na jina la asili, nami napendekeza kiitwe kipumulio, mpaka atakapotokea mjuzi wa kunipinga. Hivyo basi, msamiati wa ndoo hii ya kizungu tunao karibu wote; tulichokosa ni darasa la kuutumia.

Wapo watakaouliza iwapo ni adabu kuyazungumza haya katika delta ambamo Waislamu ni wengi. Ninaiheshimu hoja hiyo kwa dhati, na sina nia ya kumshawishi yeyote anywe. Hata hivyo, Kiarabu chenyewe kinatupa fundisho. Hamira ni neno la mzizi ule ule uliozaa khamr, yaani kileo kilichoharamishwa. Na kutoka mzizi huo huo tumepata mahamri, yale ambayo sheikh na padri wote huyala asubuhi kwa mbaazi za nazi bila wasiwasi. Kiumbe kinachouumua unga ndicho kinachoilevya togwa. Kukijua kiumbe hicho ni elimu, na elimu haijapata kuwa haramu.

Delta ya Tana ina ujuzi wake wa kale, ambao ni ugema. Mgema huhitaji kotama iliyonolewa na mkono uliozoea. Hana haja ya kununua hamira, kwani ile iliyo hewani na vyomboni humtosha. Lakini hapa pana tofauti ambayo msomaji wa bara huenda haijui. Mnazi, kama ile ya upande wa Kipini, hugemwa kwenye karara, na mti huendelea kuishi na kuzaa. Mkoma na mkindu hugemwa kwa kukatwa kilele chenyewe cha shina, na shina lililopoteza kilele hufa. Mkindu ndio huo huo unaowapa wanawake ukindu wa kusukia mikeka. Huko juu ya Garsen, katika misitu ya kandokando ya mto ambamo ilianzishwa hifadhi ya kima mwaka 1976, tunda lake ni chakula kikuu cha mangabei wa Tana, kima asiyepatikana penginepo duniani. Kwa mujibu wa hesabu hiyo, ndoo ya plastiki na gunia la mtama ni rafiki wa msitu kuliko kotama. Sisemi ugema ufe. Nasema mnazi na ugemwe, mkindu uachwe.

Kuhusu usalama, uvivu wetu wa maneno umetugharimu maisha. Mnamo Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa jijini Nairobi kwa kunywa kileo kilichotiwa sumu, na wengine wengi wakapofuka. Misiba ya aina hiyo imejirudia. Februari 2024 ilikuwa zamu ya Kirinyaga. Kila mara magazeti huandika "pombe haramu", na wananchi huelewa kwamba muuaji ni pombe ya kienyeji. Hasha! Muuaji wa kawaida katika misiba hii ni methanoli, kemikali ya viwandani inayochanganywa na walanguzi ili kuongeza ukali kwa bei rahisi. Busaa iliyopikwa kwa unga na kimea cha wimbi haina methanoli ya kiasi cha kuua, na bia ya ndoo vilevile. Mwanafunzi asiyefundishwa kutofautisha kuchachusha, kukeneka na kughushi atakuwa mawindo mepesi ya mlanguzi.

Sheria nayo ina historia yake. Uingereza iliondoa leseni kwa watengenezao bia nyumbani kwa matumizi yao mwaka 1963. Marekani ilifuata kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978, ingawa sheria hiyo haikuruhusu kukeneka nyumbani. Kenya ilielekea kwingine: mwaka 1980 ilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa, ambayo ilidumu miaka 30 pasipo kuimaliza chang'aa hata kidogo. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliifuta, ikahalalisha kinywaji hicho kwa masharti ya ubora na leseni, na ikakataza kuwauzia walio chini ya umri wa miaka 18. Mwalimu wangu wa Kilelengwani nilimwambia kwamba asithubutu kuuza hata kikombe bila leseni, na kwamba joto la pwani litamsumbua kuliko polisi, maana hamira nyingi za bia hupendelea nyuzi 18 hadi 24. Ndoo ivikwe gunia lililolowa na kuwekwa kivulini penye upepo.

Darasani, hata hivyo, hahitaji ndoo wala pombe. Achukue chupa tupu ya soda, atie maji vuguvugu, vijiko viwili vya sukari na kijiko cha hamira ya mahamri, kisha avishe puto mdomoni mwa chupa. Kabla kipindi hakijakwisha puto litaanza kusimama. Mwalimu wa sayansi aeleze gesi imetoka wapi. Mwalimu wa Kiswahili awaulize wanafunzi wakaulize nyumbani, kwa Kipokomo, kwa Kiorma, kwa Kigiriama, povu lile linaitwaje, tope la chini linaitwaje, na kitendo chenyewe kinaitwaje. Majibu wayaandike daftarini pamoja na kijiji yalikotoka. Mimi mwenyewe ningefurahi kuyapokea.