Daraja la Pili

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anasoma Osaka, ameniuliza anunue sake gani, vikombe gani na kisu gani cha jikoni kumletea baba yake. Nimemjibu awaulize wenyeji wa mtaa anakoishi. Ameliona jibu hilo kuwa la kivivu. Ninayo sababu, na inawahusu watumishi wa umma kuliko wanywaji.

Kwa miongo kadhaa serikali ya Japani iliipanga sake, pombe ile ya mchele, katika madaraja: maalumu, la kwanza na la pili. Mtengenezaji aliyetaka daraja la juu aliipeleka kwa wakaguzi, na kodi ikapanda pamoja na daraja. Isiyopelekwa ilihesabiwa ya daraja la pili, hata ingekuwa nzuri namna gani. Basi baadhi ya watengenezaji waliiuza pombe yao bora kwa lebo ya daraja la pili, kwa bei nafuu, na majirani wakajua. Mgeni aliyetegemea lebo aliipita rafuni. Mfumo huo ulifutwa kabisa mwaka 1992.

Lebo za leo hueleza kilichofanyika: mchele wa ginjo, kwa mfano, hukobolewa hadi ibaki asilimia 60 ya uzito wake au pungufu. Si zote husema kama itapatana na samaki wako, au kama ipashwe moto. Hayo atakwambia muuzaji, naye huenda akakupa junmai ya kawaida na kikombe kinene cha udongo kinachotunza joto. Kikombe cheupe chenye miduara ya buluu ndani ni cha waonjaji, wapate kuona rangi na ung'avu.

Visu navyo vina mambo yake. Katika mji wa Sakai, jirani na Osaka, mhunzi hufua, mwingine hunoa, wa tatu hutia mpini. Kisu cha sashimi hunolewa upande mmoja. Ukikinoa pande zote mbili sawasawa, umekiharibu. Kwa hiyo mnoaji hodari, kabla ya kugusa kinoo, huuliza unakata nini, na kwa mkono upi.

Katika kamati za zabuni nilizoketi, sikumbuki tukiuliza swali la namna hiyo. Fundi asiyewasilisha makaratasi tulimwandika kuwa hana sifa, kana kwamba kutopimwa na kushindwa ni kitu kimoja. Najua hoja ya upande wa pili: bila makaratasi, upendeleo hupata mlango. Ni kweli, na siombi makaratasi yafutwe. Naomba fomu zetu ziwe na nafasi ya kuandika "hajapimwa", na afisa atumwe karakana kumwona akifanya kazi.

Kijana ameniandikia tena. Muuzaji alimuuliza baba yake hupenda kula nini. Hakuwa na jibu, ikambidi ampigie mama yake simu.