Ziwa Kivu na Tanganyika: meli ndogo ya zamani ao meli kubwa mpya? Hesabu ya abiria inaamua kuliko umri

Msafiri anayetoka Goma kwenda Bukavu kwa njia ya maji anajua uchaguzi unaomngojea bandarini. Kuna boti ndogo za mbio, zinazofika kwa saa chache na tiketi yake ni ghali. Kuna pia meli kubwa zaidi, zinazosafiri usiku na kubeba watu pamoja na mizigo. Anayetoka Minova, Kalehe ao kisiwa cha Idjwi, mara nyingi hana cha kuchagua: anapanda chombo kilichofika siku hiyo.

Kila ajali inapotokea, maneno ni yale yale: vyombo hivi ni vidogo na vimezeeka, viondolewe, tuletewe meli kubwa na mpya. Matukio ya miaka 30 iliyopita kwenye maziwa yetu yanaonyesha kwamba maneno hayo ni nusu ya ukweli. Umri na ukubwa vina uzito wake. Lakini katika ajali nyingi zilizoua watu wengi, tatizo la kwanza lilikuwa lingine: chombo kilibeba kuliko kipimo chake, na hakuna aliyejua kwa hakika ni watu wangapi walikuwa ndani.

Hesabu iliyokosekana Kituku

Tarehe 3 Oktoba 2024, MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukweni. Wakati huo vita vilikuwa vimefunga barabara ya Goma–Minova inayopitia Sake, na ziwa lilibaki njia kuu ya watu na ya chakula. Siku ile gavana wa Kivu ya Kusini, Jean-Jacques Purusi, alitaja abiria 278 na vifo 78. Siku zilizofuata hesabu zingine zilitolewa, na hazikupatana na ile ya kwanza. Kuhusu sababu, viongozi walisema chombo kilipakia kupita kiasi.

Orodha kamili ya abiria ingemaliza ubishi wa hesabu kwa muda mfupi. Bila orodha, serikali inakisia, na familia inazunguka kutoka hospitali moja hadi nyingine bila kujua kama ndugu yao alipanda ao alibaki Minova.

Halikuwa jambo geni. Aprili 2019, boti ilizama upande wa Kalehe na zaidi ya watu 100 hawakuonekana. Rais Félix Tshisekedi alifika kwenye eneo hilo, akaamuru kila abiria avae jile ya kuokoa maisha. Kabla ya hapo, Desemba 2014, MV Mutambala ilizama kwenye Ziwa Tanganyika upande wa Katanga, na zaidi ya watu 120 walikufa.

Tanzania nayo ilipata msiba kama huo. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 800 na 1,000, na mpaka leo hesabu kamili haipo, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia gati ya kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kwa ajili ya watu karibu 100. Waliokufa peke yao walikuwa 228.

Vyombo hivyo viwili vya Tanzania havikuwa vizee. MV Bukoba haikuwa imefikisha miaka 20, na MV Nyerere ilikuwa na miaka 14 tu.

Mzee wa Tanganyika

Ukitaka kujua meli inaweza kuishi miaka mingapi, angalia Liemba. Kiwanda cha Meyer Werft, katika mji wa Papenburg nchini Ujerumani, kiliijenga mwaka wa 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa ndani ya masanduku karibu 5,000, ikafika Dar es Salaam kwa bahari, kisha ikasafirishwa kwa reli hadi Kigoma. Huko iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka wa 1915 kwa jina la Graf von Götzen.

Mwaka wa 1916, Wajerumani walipokuwa wanakimbia vita, waliizamisha wenyewe baada ya kupaka mashine mafuta ili zisiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mashine yake ya mvuke ilibadilishwa na ya dizeli.

Wakongomani wanaijua kwa sababu nyingine. Mwaka wa 1997, Umoja wa Mataifa uliitumia kurudisha makwao zaidi ya wakimbizi 75,000 waliokuwa wamekimbilia Tanzania kutokana na vita vya Zaire. Mwaka wa 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka kijiji cha Kagunga hadi Kigoma, karibu watu 600 kwa safari moja.

Meli yenye urefu wa mita 71, iliyojengwa kabla ya vita vya kwanza vya dunia, ilifanya kazi hiyo kwa sababu ilikuwa na bati lililokaguliwa, mashine iliyobadilishwa kwa wakati wake na kipimo kinachojulikana cha abiria. Ilipochoka kabisa, Tanzania ilichagua kuikarabati badala ya kuiuza kama chuma chakavu.

Hiyo haimaanishi kwamba kila chombo cha zamani ni salama. Bati la meli linaliwa na kutu pole pole, mara nyingi mahali ambapo jicho la abiria halifiki. Injini ya zamani inazimika katikati ya ziwa, na chombo kisichokwenda kinageuzwa ubavu na mawimbi. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya chombo cha zamani ni hili: kilipandishwa lini nchi kavu kukaguliwa, na nani alitia sahihi?

Ukubwa unasaidia wapi, unadanganya wapi

Meli kubwa ina faida za kweli. Kwa sababu ni pana na ndefu, wimbi linaloirusha boti ndogo linaitikisa kidogo tu. Ina nafasi ya kuweka mizigo chini, karibu na maji, badala ya juu ya paa. Inaweza kuwa na injini mbili, vyumba vya chini vilivyotenganishwa ili maji yakiingia kimoja yasijaze vyote, na maboti ya kuokolea.

Lakini usawa wa chombo unategemea mahali uzito ulipo. Magunia ya unga, makreti ya bia na watu wakikaa juu, chombo kinakuwa kama mtu aliyebeba mzigo mzito kichwani akitembea kwenye utelezi. Kinaweza kufika bila shida siku ishirini. Siku ya ishirini na moja, upepo unapiga, ao abiria wote wanasimama upande mmoja kujiandaa kushuka, na hakirudi tena wima. Ndiyo maana ajali nyingine zinatokea karibu na gati, mahali ambapo msafiri anafikiri hatari imekwisha. Meli kubwa iliyopakiwa vibaya inafuata kanuni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba inachukua watu wengi zaidi.

Ulaya ilipata somo kama hilo. Tarehe 13 Januari 2012, meli ya watalii Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Ilikuwa kubwa, na ilikuwa imefanya kazi miaka isiyofika sita. Kosa lilikuwa la kapiteni Francesco Schettino, aliyeisogeza karibu mno na kisiwa. Alihukumiwa kifungo cha miaka 16. Watu 32 walikufa.

Hata hivyo, ndani kulikuwa na zaidi ya watu 4,200. Waliobaki waliokoka kwa sababu meli ililala karibu na nchi kavu, na pia kwa sababu kulikuwa na jile, maboti ya kuokolea na orodha ya majina. Waliotafuta walijua wanamtafuta nani. Baadaye kanuni za kimataifa zilikazwa: tangu Januari 2015, kwenye safari za kulala melini, abiria wapya wanapaswa kuonyeshwa namna ya kujiokoa kabla meli haijaondoka ao mara tu inapoondoka.

Kwa nini meli kubwa haziji haraka

Wanaodai meli mpya wana haki. Ila wanapaswa kujua bei ya dai hilo. Hakuna mto unaoweza kuleta meli kubwa kutoka bahari hadi Ziwa Kivu ao Tanganyika. Kila meli kubwa inapaswa kuletwa vipande vipande na kuunganishwa ufukweni, kama ilivyokuwa kwa Liemba miaka zaidi ya 100 iliyopita.

Tanzania imepita njia hiyo kwenye Ziwa Victoria. MV Mwanza, yenye urefu wa zaidi ya mita 92 na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilianza kujengwa mwaka wa 2019 kwa pesa za serikali na kampuni ya Korea ya Kusini. Ilishushwa majini Februari 2023, na hata baada ya hapo kazi ya kuimalizia iliendelea. Bandari nazo zilihitaji matengenezo ili meli hiyo iweze kutia nanga.

Hata katika inchi tajiri, meli kubwa ni jambo la dola. Familia ya Meyer, ambayo kiwanda chake kilijenga Liemba, ilijenga pia huko Turku, Finland, meli ya watalii Icon of the Seas, iliyoanza safari kutoka Miami Januari 2024: mita karibu 365 na nafasi ya abiria hadi 7,600. Mwaka huo huo wa 2024, kiwanda cha Papenburg kilikuwa karibu kufilisika, na serikali ya Ujerumani pamoja na jimbo lake la Niedersachsen zikachukua karibu 80% ya hisa ili kukiokoa.

Kuna pia hesabu ya mfanyabiashara. Meli kubwa inakunywa mafuta mengi, na haiwezi kuondoka nusu tupu bila hasara. Inangoja ijae. Mama mwenye nyanya zinazooza na mgonjwa anayepelekwa hospitali hawawezi kungoja. Tena meli kubwa inahitaji maji ya kina na gati imara. Ziwa Kivu lina kina kirefu sana katikati, karibu mita 480, lakini vijiji vingi vya Idjwi na Kalehe vina ufukwe wa mchanga na mawe tu. Ukiondoa boti ndogo zote, vijiji hivyo vinabaki na pirogi.

Njia inayofaa, basi, ni kugawana kazi: meli kubwa kati ya Goma na Bukavu, ama kati ya Kalemie na Uvira, kwa mizigo mizito na watu wengi, boti ndogo zinazokaguliwa kwa ajili ya vijiji, kila moja na kipimo chake.

Kinachowezekana bila kungoja meli mpya

Mambo manne hayahitaji mamilioni ya dola. La kwanza ni orodha: jina na simu ya kila abiria, nakala moja ibaki bandarini kabla kamba haijafunguliwa. La pili ni mstari wa kupakia, rangi inayopakwa ubavuni. Mstari ukiwa chini ya maji, chombo hakiondoki, na hata mtoto anayesimama gatini anaweza kuuona. La tatu ni jile kwa kila mtu, ikiwa mwilini na si kwenye stoo. La nne ni mizigo kukaa chini na watu kukaa mahali pao mpaka chombo kifungwe gatini.

Amri ya jile ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba kutangaza ni rahisi kuliko kusimamia. Anayehesabu abiria bandarini anaweza kupewa pesa ili asihesabu. Mwenye chombo anapata faida kwa kila mtu anayeongezeka. Abiria mwenyewe, akiogopa kulala njiani, anakubali kukaa juu ya magunia. Watu watatu hao wanakubaliana kimya kimya, na ziwa linalipisha wa mwisho.

Tangu mwanzo wa mwaka wa 2025, Goma na Bukavu ziko mikononi mwa AFC/M23, na wanaosimama bandarini wamebadilika. Uzito wa gunia la unga haukubadilika. Yeyote anayekusanya ushuru wa bandari, ndiye anayedaiwa kuhesabu watu kabla ya safari.

Kwa msafiri wa kesho asubuhi, umri wa meli ni jambo la kuuliza, lakini si la kwanza. Aangalie kwanza kama jina lake limeandikwa, kama jile iko mikononi mwake, na kama chombo kimelala kupita mstari wake. Likikosekana moja kati ya hayo, boti ya zamani na meli mpya ni hatari sawa, na kungoja chombo kingine ni bei ndogo.