Tuna Kiporo Mkononi

Shabiki wa mpira wa Tanzania akiona timu yake iko nyuma kwa pointi nne, hakati tamaa. Anakunja mikono kifuani na kukwambia, "Sisi tuna viporo viwili." Maana yake timu ilikuwa safarini kwenye michuano ya Afrika, mechi zake mbili za ligi zikaahirishwa, na pointi sita bado ziko njiani zinakuja. Kijiweni hakuna anayemcheka. Kiporo pale ni mali ambayo haijahesabiwa.

Mtu huyohuyo akiamka asubuhi akawekewa chai na wali wa jana, ananuna.

Nalisema hili nikijua kwamba hata kwangu tumenuna sana. Mwezi uliopita nilichukua daftari la mtoto lililobaki kurasa chache, nikalining'iniza kwa kamba karibu na ndoo ya taka, nikaomba kila mtu wa nyumba aandike anachomwaga. Sikuwa na nia ya kumkamata mtu. Siku ya saba nikakaa kusoma. Wali, bakuli moja na nusu. Maharage, yamechacha. Mkate, vipande sita. Nyanya tatu, zimeoza chini ya vitunguu. Ugali, "kidogo" (huo ni mwandiko wa mwanangu mkubwa, ambaye kwake kila kitu ni kidogo). Mchicha fungu zima, umenyauka bila hata kuguswa. Wali tena. Mchicha ule niliununua mimi, na niliuandika mimi.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme kilo ya mchele ni shilingi 3,000; wewe weka bei ya dukani kwako. Nyumba inayomwaga wali wa robo kilo mara mbili kwa wiki inamwaga mchele nusu kilo, yaani shilingi 1,500. Kwa wiki ni pesa ya vocha, haimkoseshi mtu usingizi. Kwa mwaka ni kilo 26 na shilingi 78,000, na hapo sijagusa nazi, mafuta, mkaa au gesi, wala mgongo wa aliyesimama jikoni. Ifikishe pesa hiyo Januari, mwezi wa sare na madaftari, ndipo utalijua jina lake.

Kwa hiyo nawaandikia leo mama wenzangu, kina baba, na ninyi vijana wa chumba kimoja mnaonunua chipsi usiku huku sufuria la mchana liko chini ya kitanda: tukirudishie kiporo heshima yake.

Heshima hiyo ilikuwapo. Lugha yetu ilishalimaliza suala hili zamani. Makombo ni yale aliyobakiza mlaji sahanini, mkono wake umeshapita humo. Hayo ni ya kuku na bata. Kiporo ni chakula kilichobaki chunguni, safi, kikawekwa kwa makusudi. Watu wa mwambao wana pia mwiku na bariyo, maneno yaliyotengwa kwa ajili ya chakula cha usiku kinachotunzwa kiwe kifungua kinywa. Watu hawatungi maneno matatu kwa ajili ya kitu wanachokionea haya. Sisi wa siku hizi ndio tuliochanganya mafungu, aibu ya makombo tukakibebesha kiporo.

Na hata sasa hatukibebeshi aibu hiyo siku zote. Mwezi wa Ramadhani, futari iliyobaki saa tatu usiku inapashwa saa kumi alfajiri, inaitwa daku, na hakuna anayeuliza kwa nini muhogo ni uleule. Kumbe tatizo letu ni jina tu.

Zamani nilidhani haya ya kutupa chakula ni mambo ya Ulaya na Marekani. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Gigiri, Nairobi, lilitoa ripoti mwaka 2024 ikikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, yakiwamo maganda na mifupa. Asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani, wala si mahotelini au madukani. Wastani wa majumbani peke yake ni kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka. Lililonikaa rohoni ni jingine: wakilinganisha nchi tajiri na nchi za kipato cha kati, kundi ambamo Tanzania na Kenya zimo, tofauti ya wastani ilikuwa kama kilo 7 tu kwa mtu. Basi tusijifiche nyuma ya umaskini wetu. Ndoo zetu zinafanana.

Ombi langu la kwanza ni siku moja tu katika wiki. Kwetu tunaiita siku ya kabati, nayo ni Ijumaa jioni kwa sababu sokoni tunakwenda Jumamosi. Siku hiyo hakinunuliwi kitu, hata kitunguu. Kila kilichomo kwenye kabati, kapu na friji kinatolewa mezani kionekane, halafu tunapika kutokana na hicho. Viazi vya kuchemsha vya juzi vikapondwa na kuwa katlesi, na ule mkate uliokauka ukasagwa kuwa unga wa kuzigaragazia. Chapati zilizokuwa ngumu kama ngozi ya ngoma zilikatwa nyembamba, zikakaangwa na kitunguu, karoti, kabichi na mayai mawili. Watoto walidhani ni chakula kipya. Ndizi zilizopiga weusi ziliingia kwenye unga wa maandazi, sukari ikapungua. Ugali wa jana ukikatwa vipande na kubanikwa juu ya mkaa mpaka ukaota ukoko, chai ya rangi inatosha kuusindikiza. Kipande cha samaki wa kukaanga ambacho hakishibishi mtu hata mmoja, kikitiwa kwenye mchuzi wa nazi na embe bichi, kinalisha wanne. Wali kidogo uliokaa vizuri kwenye friji unasagwa pamoja na mchele ulioloweshwa, na mkate wa kumimina unakuwa laini kuliko kawaida. Wapishi wa Zanzibar na Mombasa hawahitaji kufundishwa hilo.

Faida kubwa ya siku ya kabati sikuitegemea. Ni kwamba Jumamosi naenda sokoni nikijua nina nini. Zamani nilikuwa nanunua tangawizi kila wiki. Tulizikuta saba.

Chini ya kabati hilo, katika nyumba nyingi za mjini, kuna gunia. Limetumwa na bibi au mjomba kwa basi kutoka Songea, Sumbawanga au Mbulu, mahindi au maharage, likapokelewa kwa simu ya shukrani, likasukumwa uvunguni. Miezi minne baadaye linafunguliwa, limekuwa vumbi. Adui mkubwa wa mahindi hayo ni dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima walivyoona anavyosaga wakambatiza jina la lori, Scania. Dawa yake isiyo sumu ni kumnyima hewa. Ile mifuko ya PICS, yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje, hufanya kazi hiyo: ukijaza nafaka kavu na kuifunga kila tabaka kwa nguvu, mdudu aliyemo humo anakosa pumzi. Ilianza kwa ajili ya kunde huko Kamerun, na leo inauzwa kwenye maduka mengi ya pembejeo. Asiye na mfuko atumie dumu la plastiki lililo kavu kabisa, alijaze mpaka mdomoni, alifunge, asilifungue kila siku kuchungulia.

Wasukuma hawakusubiri nailoni. Viazi vitamu vikizidi, walivikata vibichi na kuvianika wakapata michembe, au wakavichemsha kwanza wakapata matobolwa, na mwezi wa njaa ukakuta nyumba ina kitu cha kutafuna. Sisi wa Dar es Salaam nyanya zikishuka bei tunafurahi, tunanunua ndoo nzima, tunazitazama zikioza. Ndoo hiyo ingechemshwa jioni ileile, ikakauka maji, ikagawanywa kwenye vikopo vidogo vya friza, ingepika mboga za mwezi mzima. Maembe nayo yana achari.

Sasa niseme yasiyopendeza, maana wito wa kula kiporo bila tahadhari ni wito wa kwenda zahanati. Wali ndio unaotudanganya zaidi. Kuna bakteria anayekaa kwenye mchele ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukiachwa kwenye joto, mbegu zinaamka, zinazaana na kutema sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha. Kwa hiyo ule usemi wetu kwamba "moto unaua kila kitu" si kweli kwa wali uliolala jikoni usiku wa Februari. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chepesi kukumbuka: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kitandaze kwenye sinia kipoe upesi, au weka sufuria ndani ya karai la maji baridi, kisha kiingie kwenye friji. Ukikitoa, kipashe mpaka kifuke moshi hadi katikati, mara moja tu, na kiasi kinacholiwa. Vya nazi vinawahi kuchacha, navyo vina haki ya kuliwa kwanza.

Na kilichoota ukungu hakina wokovu. Mahindi na karanga zenye ukungu hazioshwi, hazianikwi upya, wala hazipelekwi mashineni zikachanganywe na nzima. Sumu ya ukungu huo, sumukuvu, haionekani na haiishi kwa kupika. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 msiba kama huo ukafika Dodoma na Manyara. Hapo ubahili ni uuaji. Tupa.

"Wewe unasema friji," ataniambia mtu wa Tandale au Kibera, "nani ana friji?" Swali la haki. Asiye na friji kiporo chake bora ni kile asichokifanya: apime mchele wa usiku kwa kikombe badala ya jicho, apike uishe, na akiba yake aiweke kwenye vikavu, dagaa, ng'onda, choroko na unga. Lakini hapo ndipo ombi langu la pili linapoingia, nalo ni kwa wenye friji. Mitaani kwetu friji hazikosekani. Tunaziona zikiuza barafu za ubuyu na maji ya baridi. Toa rafu moja. Mwambie jirani yako aliyebakiwa na bakuli la maharage saa mbili usiku, "Lete lilale hapa." Weka alama kwa uzi au kipande cha plasta, asubuhi alichukue. Nimeanza hivyo na mama mmoja wa nyumba ya nyuma tangu Idi iliyopita. Umeme wangu haujaongezeka hata shilingi niliyoweza kuiona, na tangu siku hiyo mabakuli yangu yakienda kwake hayarudi matupu. Wiki iliyopita limerudi moja na ndimu sita.

Ombi la tatu ni kwa kamati za harusi, arobaini na maulidi. Sufuria za shughuli zetu ni kubwa kwa sababu hatutaki mgeni akose, na ni tabia nzuri, isiachwe. Ila kamati inayojua nani atapiga picha na nani atashika maiki haijui nani atagawa pilau litakalobaki. Saa sita za usiku kila mtu amechoka, sufuria limefunuliwa, na asubuhi mbwa wanashiba. Teueni watu wawili. Kazi yao iwe hiyo tu, na ianze wageni wa mwisho wakiwa bado wanakula, chakula kikiwa cha moto. Na akina sisi tunaoalikwa tubebe vyombo vyetu vyenye mifuniko; mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na pilau kwenye mfuko wa karatasi ni msiba mwingine. Anayemcheka mwanamke anayeondoka harusini na kontena mkononi amuulize kwanza nyumbani ameacha watoto wangapi.

Akina baba, nimewabakiza makusudi. Kiporo kimekufa katika nyumba nyingi kwa sababu ya uso mmoja mezani. Mama anaogopa kuonekana mvivu, mtoto anautazama ule uso anajifunza. Ukinywa chai na wali wa jana huku ukisema "mtamu," umeokoa pesa nyingi kuliko kugombana kuhusu matumizi ya mkaa.

Daftari bado linaning'inia. Wiki hii lina mistari miwili: maganda ya papai, na ugali "kidogo." Leo ni Ijumaa. Mezani kuna maharage ya jana, chapati nne, nusu kabichi, na tangawizi ambazo hazijaisha. Kesho sokoni nitanunua nyanya, dagaa na sabuni. Mchele upo.