Mama wa Doha anastahili Ijumaa yake

Safu ya Mwanakheri Saidi

Jioni ya Oktoba 5, 2019, katika Uwanja wa Kimataifa wa Khalifa jijini Doha, miongoni mwa Wakenya waliojipatia medali katika Mashindano ya Dunia ya Riadha walikuwamo wawili waliokuwa mama wa mtoto wa kike. Hellen Obiri, mama yake Tania, alitwaa dhahabu ya mita 5,000 kwa dakika 14:26.72, rekodi mpya ya mashindano hayo. Faith Kipyegon, mama yake Alyn, alipata medali ya fedha katika mita 1,500 kwa dakika 3:54.22, akaivunja rekodi ya taifa. Alyn alizaliwa Juni 2018. Mama yake alipokuwa akikimbia Doha, yeye alikuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni.

Mashindano yale yalikuwa ya akina mama. Septemba 29, Shelly-Ann Fraser-Pryce wa Jamaika alishinda mita 100 kwa sekunde 10.71, kisha akauzunguka uwanja pamoja na mwanawe Zyon, mwenye miaka miwili. Usiku huohuo Allyson Felix wa Marekani, aliyekuwa amejifungua binti yake Camryn miezi kumi tu kabla, alipata dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti za timu mchanganyiko, na kwa dhahabu hiyo ya 12 akampita Usain Bolt katika historia ya mashindano ya dunia. Nia Ali wa Marekani, ambaye binti yake alizaliwa mwaka mmoja na Alyn, alishinda mita 100 kuruka viunzi. Liu Hong wa China, naye mama wa binti, alishinda matembezi ya kilomita 20.

Magazeti yakawaita mashujaa, na walistahili.

Lakini sifa hiyo, ikiachwa peke yake, inaficha jambo la msingi. Ushujaa haumnyonyeshi mtoto wala haulipi kodi ya nyumba mama akiwa kitandani baada ya kujifungua. Wanawake wale walirudi kazini kwa sababu ya mambo matatu yanayoweza kutajwa bila shairi lolote: muda wa kupona, kipato kisichokatika, na mtu wa kuaminika wa kumshika mtoto. Palipokosekana moja, hata bingwa wa dunia aliyumba.

Ushahidi ni Felix mwenyewe. Alipatwa na shinikizo hatari la damu la ujauzito, akafanyiwa upasuaji wa dharura akiwa na wiki 32, na mtoto akalazwa kwenye wodi ya watoto njiti. Mei 2019 aliandika katika gazeti la New York Times kwamba katika mazungumzo ya mkataba mpya, kampuni ya Nike ilitaka kumlipa pungufu kwa asilimia 70, na haikukubali kuandika kwamba hataadhibiwa iwapo kasi yake itashuka katika miezi ya karibu na uzazi. Siku chache kabla yake, wakimbiaji wenzake Alysia Montaño na Kara Goucher walikuwa wameeleza mambo kama hayo. Agosti mwaka huo kampuni ikabadili masharti: malipo ya mwanariadha mjamzito yasipunguzwe kwa miezi 18. Felix alifika Doha akiwa amekwisha kushinda mbio nyingine, ile ya maandishi ya mkataba.

Kenya ina mfano wa siku nyingi zaidi. Catherine Ndereba alimzaa binti yake Jane mwaka 1997 akiwa mtumishi wa Idara ya Magereza. Baada ya hapo alishinda Boston Marathon mara nne, na marathoni ya dunia mara mbili, Paris mwaka 2003 na Osaka mwaka 2007. Obiri naye ni zao la Jeshi la Ulinzi la Kenya. Watu hupenda kuzungumzia hewa ya milimani na ugali wanapoeleza mafanikio ya wakimbiaji hawa. Wazungumzie pia ajira ya kudumu. Mwajiriwa ana likizo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa siku 84, au 100 kwa aliyejifungua mapacha, na inamruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili za kazi kwa siku kwa ajili ya mtoto. Shirika la Kazi Duniani linataka likizo ya uzazi iwe angalau wiki 14.

Baada ya likizo kwisha, huanza maisha ya kila siku, na hayo hayana medali. Wanariadha wa Patrick Sang, kocha wa Kipyegon, hukaa kambini Kaptagat, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, kuanzia Jumatatu. Wanaamka alfajiri, wanakimbia kwenye barabara za udongo mwekundu, wanagawana kazi za usafi, wanapumzika, wanakimbia tena. Kwa Kipyegon, siku za wiki ni za kambi. Alyn hubaki nyumbani na wanaomlea. Jumamosi ikifika, mama anarudi kwa mtoto.

Ratiba hiyo ni ngumu kwa mzazi yeyote, lakini inabebeka kwa sababu ina mwisho unaojulikana. Mtoto anafundishwa kuhesabu: keshokutwa mama anakuja. Na kweli anakuja. Kwa utaratibu huo Kipyegon alitwaa dhahabu ya Olimpiki Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024, na Julai 5, 2025 akaishusha rekodi ya dunia ya mita 1,500 hadi dakika 3:48.68.

Sasa tutoke uwanjani, tubaki Doha.

Katika nyumba za mji huohuo, nyuma ya kuta ndefu za Al Rayyan na vitongoji vingine, wapo wanawake wengi kutoka Kakamega, Mombasa, Tanga na Mukono ambao nao ni mama wa mabinti wadogo. Wenzao wanawaita makadama. Walipitia kwa ajenti, wakasaini mkataba wa miaka miwili, wakaacha mtoto kwa bibi au mama mdogo. Saa za Doha na za Afrika Mashariki hazipishani hata dakika. Saa kumi na mbili asubuhi kule ni saa kumi na mbili asubuhi Kakamega. Kwa hiyo wakati kadama anamchana nywele mtoto wa mwajiri na kumfungia chakula cha shule, binti yake mwenyewe anatafuta soksi yake nyingine na bibi anamhimiza asichelewe. Mama yuko macho muda uleule mtoto wake yuko macho, mikono yake ikifanya kazi ileile, kwa mtoto mwingine.

Ulezi wake unapita kwenye simu. Anatuma ujumbe wa sauti, anauliza kama dawa ya kikohozi imekwisha, anasikiliza binti akisoma sentensi kutoka kitabuni, anatuma ada ya muhula na pesa za viatu. Yote hayo yanahitaji simu iliyo mkononi mwake, bando, na nafasi ya kuketi. Nafasi ya kuketi ndiyo inayokosekana zaidi.

Si kwamba sheria haipo. Sheria namba 15 ya Qatar ya mwaka 2017, inayohusu wafanyakazi wa nyumbani, inaweka ukomo wa saa kumi za kazi kwa siku, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya wiki tatu kwa mwaka yenye malipo. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara ni riyal 1,000 kwa mwezi, na kinawahusu wafanyakazi wa nyumbani pia. Mwaka 2020 waliondolewa sharti la kupata kibali cha mwajiri ili kutoka nchini. Haya ni mageuzi ya kweli.

Tatizo ni kilichopo kati ya karatasi na jiko. Oktoba 2020, shirika la Amnesty International lilichapisha ripoti iliyotokana na maelezo ya wanawake 105 waliofanya kazi za nyumbani Qatar. Wengi walisema walizoea kufanya kazi zaidi ya saa 14 kwa siku, na wengi hawakuwahi kupewa hata siku moja ya mapumziko. Mwanamke wa namna hiyo hana Jumamosi ya Kaptagat. Binti yake akiuliza mama atapiga simu lini, hakuna anayeweza kumjibu.

Pia kuna pengo ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya kazi ya Qatar ya mwaka 2004 inampa mwanamke wa sekta binafsi siku 50 za likizo ya uzazi na saa moja kwa siku ya kunyonyesha kwa mwaka mzima. Mfanyakazi wa nyumbani hayumo katika sheria hiyo. Kumleta mtoto Doha hakuwezekani pia, kwa kuwa kibali cha kuishi na familia kinahitaji mshahara ulio juu mara kadhaa kuliko riyal 1,000. Muuguzi au mwalimu Mkenya wa Doha anaweza kumpeleka binti yake chekechea na kumchukua jioni. Kadama hawezi, hata akae miaka kumi.

Wapo watakaosema: amekwenda kwa hiari, na pesa anayotuma ndiyo inayomsomesha huyo mtoto. Ni kweli kwamba pesa hiyo inasomesha, inajenga na inatibu. Ni kweli pia kwamba wengi wangekwenda tena kesho, kwa sababu mshahara wa nyumbani hautoshi. Hoja hiyo inaeleza kwa nini mama aliondoka. Haielezi kwa nini, akiwa amefika, anyimwe saa 24 ambazo sheria ya nchi aliyofikia imekwisha kumpa. Hakuna binti aliyewahi kufaidika kwa mama yake kufanya kazi siku ya saba.

Wala isisemwe kwamba Doha haiwezi kupanga mambo. Joto lilipotishia mashindano ya 2019, uwanja ulipozwa kwa mitambo na marathoni ya wanawake ikaanzishwa saa sita usiku. Hata hivyo, kati ya wakimbiaji 68 walioanza, 28 hawakumaliza, na mshindi alikuwa Mkenya, Ruth Chepngetich. Mji uliogeuza usiku kuwa mchana ili kulinda miili ya wageni wake kwa siku kumi unao uwezo wa kusimamia Ijumaa moja ya mapumziko kwa wiki kwa wanawake wanaolea watoto wake.

Tusiishie kuinyooshea Qatar kidole. Nairobi na Dar es Salaam zimejaa nyumba ambazo mama mwenye kazi ya ofisi anaondoka asubuhi akimwacha binti yake na dada wa kazi, na dada huyo naye ana binti yake kijijini. Sheria ya Kenya inataka siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Ya Tanzania inataka angalau saa 24 kila wiki. Kila mwajiri anayesoma safu hii anajua kama dada wa nyumbani kwake anapata siku hiyo, na kama simu yake iko mkononi mwake au kabatini mwa mwajiri. Tutadai nini Doha ikiwa Kinondoni ya Dar es Salaam na Umoja ya Nairobi mambo ni yaleyale?

Yapo mambo matatu yanayoweza kufanyika bila kusubiri sheria mpya. La kwanza, kila mkataba unaopita mikononi mwa wizara utaje siku ya mapumziko kwa jina, iwe Ijumaa au nyingine, na useme wazi kwamba simu na pasipoti ni mali ya mfanyakazi. La pili, ajenti atakayempeleka mwanamke mahali ambapo siku hiyo haitolewi anyang'anywe leseni. La tatu, balozi zetu zilizopo Doha ziwe na mtu wa kupokea simu za wafanyakazi wa nyumbani siku zote saba, anayesema Kiswahili, na mwenye uwezo wa kulifikisha lalamiko kwenye Wizara ya Kazi ya Qatar siku hiyohiyo.

Obiri na Kipyegon walipewa muda, wakaonyesha kinachowezekana mama akipewa muda. Mamia ya makadama wataruka kwenda Ghuba mwezi huu, na wengi wao wanaacha mtoto. Wizara za kazi za Nairobi, Dodoma na Kampala zidai siku yao ya mapumziko kwa maandishi, kabla ya kumgongea muhuri mwanamke mwingine hata mmoja.