Udogo wa Dola si Unyonge

Methali isemayo kuwa wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi imezoeleka mno katika mijadala ya siasa ya dunia, kiasi kwamba wachambuzi wengi huitumia kana kwamba ni kanuni iliyothibitishwa, na kwa kuitumia hivyo huwafundisha wasomaji wao kuwa dola ndogo haina la kufanya ila kutafuta tembo wa kujificha nyuma yake. Imani hiyo ni potofu, tena ina madhara, kwa sababu serikali iliyokwisha kujihesabu kuwa ni nyasi huacha kuzitumia hata nyenzo chache ilizo nazo.

Kosa linaanzia kwenye fasili. Jumuiya ya Madola huita dogo taifa lenye watu wasiozidi milioni 1.5, lakini papo hapo hulazimika kuzijumuisha Jamaica, Lesotho na Namibia, ambazo zimeuvuka mpaka huo. Ilhali Jukwaa la Mataifa Madogo, lililoasisiwa na Singapore katika Umoja wa Mataifa mwaka 1992, hupokea nchi zenye watu hadi milioni 10. Mwanazuoni David Vital, katika kitabu chake cha mwaka 1967, aliweka kikomo cha watu milioni 10 hadi 15 kwa nchi zilizoendelea na milioni 20 hadi 30 kwa zile zisizoendelea. Kwa kipimo hicho Tanzania, ambayo sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu wapatao milioni 12, ilikuwa dola ndogo pasi na shaka. Hata hivyo, ndiyo iliyokuwa imevunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mnamo Desemba 1965 kwa ajili ya Rhodesia, koloni ambalo walowezi wazungu walikuwa wamejitangazia uhuru, na jiji lake la Dar es Salaam ndilo lililokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Hesabu ya vichwa haiwezi kueleza mwenendo huo.

Mwanazuoni mwingine, Robert Rothstein, alikaribia ukweli mwaka 1968 alipoieleza dola ndogo kuwa ni ile inayotambua kwamba haiwezi kujihakikishia usalama kwa uwezo wake yenyewe, kwa maana alihamisha macho kutoka kwenye ramani na kuyaelekeza kwenye uhusiano. Alichokosa ni kuona kuwa uhusiano wenyewe hubadilika kulingana na jambo linalogombaniwa. Iceland haikuwa na jeshi, na watu wake walikuwa kama laki mbili tu, ilipopanua eneo lake la uvuvi hadi maili 50 za baharini mwaka 1972 na maili 200 mwaka 1975. Uingereza ikapeleka manowari kuwalinda wavuvi wake, na mwaka 1976 ikakubali kushindwa. Iceland ilikuwa na boti za doria zilizokata nyavu za Waingereza, na ilikuwa na kituo cha kijeshi cha Keflavik ambacho muungano wa NATO haukuwa tayari kukipoteza. Wapo watakaosema kwamba ilishinda kwa kuwa wakubwa waliihitaji, nao wanasema kweli, ila hawaoni kwamba kuhitajiwa huko ndiko nguvu kwenyewe.

Mfano ulio karibu zaidi na pwani ya Afrika Mashariki ni wa Mauritius. Mwaka 1965, miaka mitatu kabla ya uhuru wa koloni hilo, Uingereza ilivimega visiwa vya Chagos kutoka humo, na kisiwa kikubwa kati ya hivyo, Diego Garcia, kikawa kituo cha kijeshi cha Marekani. Kwa mwenye kuamini methali ya tembo, shauri lilikuwa limekwisha: nchi yenye watu milioni moja na ushei itawafanya nini wajumbe wawili wa kudumu wa Baraza la Usalama, wenye kura ya turufu, yaani haki ya kuzuia uamuzi wowote mzito wa baraza hilo? Mauritius ililikwepa Baraza la Usalama ikaenda kwenye Baraza Kuu, ambako kila nchi ina kura moja na hakuna turufu, na Juni 2017, ikiungwa mkono na nchi za Afrika, ikapata kura 94 dhidi ya 15 za kuomba maoni ya ushauri ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo ni tamko la kisheria lisilo na nguvu ya hukumu. Majaji 13 kati ya 14 walitamka, tarehe 25 Februari 2019, kwamba Uingereza inapaswa kukomesha utawala wake visiwani humo upesi iwezekanavyo. Miezi mitatu baadaye Baraza Kuu lilidai hivyo hivyo kwa kura 116 dhidi ya 6, na Mei 2025 Uingereza ikatia saini mkataba wa kuyakabidhi mamlaka ya visiwa hivyo kwa Mauritius.

Wenye shaka watasema kuwa mkataba huo unakiacha kituo cha Diego Garcia mikononi mwa Waingereza na Wamarekani kwa miaka 99. Ni kweli, na hakuna sababu ya kuyapamba matokeo. Lakini dola iliyoaminiwa kuwa haina sauti ilimlazimisha mtawala wake wa zamani kukiri kwa maandishi jambo alilolikana kwa nusu karne, na haikuwa na meli ya kivita ya kumtisha nayo.

Linaloumiza zaidi ni jingine. Wenyeji wa Chagos, waliohamishwa kwa nguvu kati ya 1968 na 1973 na kutupwa Mauritius na Ushelisheli, hawakupewa kiti katika mazungumzo ya mkataba huo, na asubuhi ya siku ya kutia saini ilibidi wanawake wawili waliozaliwa visiwani humo waende mahakamani London kujaribu kuuzuia. Mahakama iliwasikiliza, ikasimamisha utiaji saini kwa saa kadhaa, kisha ikauruhusu. Mauritius iliyokuwa ndogo mbele ya Uingereza ilikuwa kubwa mno mbele yao.