Hakuna unga wa kukuzubaisha stendi

Na Neema Chilongani

Mtu akitapeliwa Majengo au Stendi ya Nane Nane hapa Dodoma, maelezo yake tunayajua kabla hajafungua mdomo. Alishikwa mkono, au alipuliziwa kitu, akazubaa. Alipozinduka, simu na hela vimekwenda. Siku hizi wengine wanasema alifanyiwa hipnosisi. Inaniuma, kwa sababu maelezo hayo yanamsitiri mwizi.

Hipnosisi ipo, na ni kazi ya tiba. James Braid, daktari mpasuaji kutoka Scotland, aliichunguza akiwa Manchester miaka ya 1840, na Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliikubali mwaka 1955. Hutumika kupunguza maumivu na hofu. Mgonjwa hukubali kwanza, akakaa mahali tulivu, mtaalamu akamwongoza kwa maneno hadi mawazo yake yatulie kwenye jambo moja. Halali, mlango ukigongwa anasikia. Akiambiwa afanye asichotaka, anakataa. Wapo wasioingia kabisa hata wakijitahidi. Sasa nani atayafanya hayo kwa mgeni mwenye mabegi, katikati ya kelele za wapiga debe?

Kinachotuibia ni maneno yaliyopangwa. Bulungutu linaanguka mbele yako. Kijana nadhifu analiokota: "Dada, tumeliona wawili, twende pembeni tugawane." Kabla hujajibu, mwenye bulungutu anarudi akilia, anataka kuwapekua. Yule kijana anatoa simu yake kwanza, anataja hadi namba ya siri, kuonyesha hana cha kuficha. Nawe unatoa yako. Tamaa kidogo, hofu nyingi, haraka, na watatu wanaojuana wanaojifanya hawajuani: mtu yeyote mwenye akili timamu anaweza kunaswa. Anayebisha anieleze ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Watu wametuma, na kwenye simu hakuna anayepuliza unga.

Akili inaweza kuelemewa bila dawa yoyote, na nchi hii ina ushahidi. Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, Bukoba, vicheko visivyozuilika viliwakumba wanafunzi 95 kati ya 159, shule ikafungwa Machi. Madaktari walipima damu, wakatafuta sumu na vijidudu, hawakuona kitu. Wale mabinti hawakuwa wakiigiza, wala hawakuwa wamerogwa.

Juisi au biskuti yenye dawa ya usingizi ndani ya basi ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni sumu: aliyeinywa au kuila apelekwe hospitali mara moja, asisubiriwe "azinduke".

Lakini aliyetapeliwa kwa maneno mara nyingi huona aibu, na neno "dawa" linamfunika. Kwa hiyo haendi polisi; anakwenda kwa mganga, ambako analipa mara ya pili. Ndugu zangu, nendeni polisi siku hiyohiyo, mkiwa bado mnakumbuka sura, mavazi na kila walichosema. Namba ya tapeli wa simu iripotiwe Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kupitia 15040. Nyumbani, tuache kumuuliza mama wa watu alikuwa anafikiria nini. Na kama wiki zinapita halali, anashtuka kila simu inapoita, asiambiwe bado ana dawa mwilini. Hospitali ya afya ya akili ya Mirembe iko hapahapa mjini tangu 1927, na anayekwenda kuonana na daktari pale hurudi kwake jioni kama atokavyo hospitali nyingine yoyote.