TAHARIRI: Tuchangie mgonjwa kabla ya msiba

Ugonjwa wa COVID-19 ulipoenea Marekani mwaka 2020, wafanyakazi wa mashambani na walezi wa wazee majumbani walipewa jina zuri: wafanyakazi muhimu. Wengine walijifungia ndani, wao wakaambiwa waendelee na kazi. Wa mashambani wengi walitoka Mexico na Guatemala. Wa majumbani walikuwemo dada na mama zetu wa Louisville, Columbus na Buffalo, waliotoka Kongo, Burundi, Somalia na Kenya.

Jina hilo halikufika mfukoni. Sheria iliyotiwa saini Machi 27, 2020 ilitoa hadi dola 1,200 kwa mtu mzima, lakini iliwaacha wasio na namba ya Social Security. Mwomba hifadhi anayesubiri kibali cha kazi hana namba hiyo. Ndiye huyo anayelea watoto na kusafisha nyumba kwa malipo ya mkononi. Akiugua, akijitenga anakosa kodi ya nyumba, asipojitenga, anaambukiza.

Ubaguzi huu si wa jana. Sheria ya vyama vya wafanyakazi ya mwaka 1935 iliwatenga wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, na mpaka leo haijawaingiza.

Jimbo la New York lilionyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2021 lilitenga dola bilioni 2.1 kwa walioachwa nje. Mwenye ushahidi kamili wa kazi alistahili hadi dola 15,600. Mwenye ushahidi pungufu, 3,200. Kufikia Oktoba mwaka huo fedha zilikuwa zimekwisha. Ndugu wa Buffalo angalau alikuwa na mlango wa kubisha. Wa Columbus na Louisville hakuwa nao, kwani Ohio na Kentucky hazikuanzisha mfuko kama huo.

Lakini tusiinyooshee serikali kidole peke yake. Sisi tunajuana. Mwenzetu akifariki, simu zinapigwa usiku huo huo na michango ya kusafirisha maiti inapatikana. Akiwa hai, amelala na homa na kodi imefika, tunamwambia pole. Na wapo kati yetu wanaoajiri yaya Mswahili mwenzao, halafu akiugua hawamlipi hata senti.

Tunasema hivi. Kila jumuiya ianzishe mfuko wa wagonjwa sasa, kabla ya janga jingine. Mwenye yaya amlipe siku za ugonjwa, na malipo yote yaandikwe, maana karatasi hiyo ndiyo iliyotofautisha dola 15,600 na 3,200. Wenye uraia huko Ohio na Kentucky wawafuate wabunge wao wa majimbo na kudai mfuko kama ule wa New York.

Rambirambi hazilipi kodi ya nyumba. Tuwahi tukiwa bado tunaweza kumsaidia mtu mwenyewe.